Nina miaka 31, sina ghorofa, na wosia nimeandika

Ukimwambia mtu wa rika langu kwamba umeandika wosia, kitu cha kwanza anakuuliza unaumwa nini, cha pili anakuuliza kwani una mali gani. Mama yangu mwenyewe nilipomgusia alinyamaza kwanza halafu akasema, "Mwanangu, uchuro huo usiulete humu ndani." Namwelewa kabisa. Yeye kakulia sehemu ambayo wosia ni maneno ya mzee aliyelala kitandani, watoto wamemzunguka, anasema ng'ombe wale wa fulani na shamba la kule bondeni la fulani, yamekwisha. Hajawahi kuona binti mwenye afya zake amekaa mezani na kalamu anaandika akifa nani achukue nini.

Ila mimi naishi Dodoma, na Dodoma ya sasa hivi imejaa vijana wenye vitu. Tangu serikali ianze kuhamia huku 2016, na Aprili 2018 mji ukatangazwa kuwa jiji, karibu kila mtu unayekaa naye kwenye daladala ya Mtumba ana kiwanja mahali, kama siyo Nala basi Ihumwa, kama siyo Ihumwa basi Mkonze au Nzuguni. Wengi hati hawana. Wana mkataba wa mauziano wenye muhuri wa ofisi ya mtaa, na huo mkataba uko kwenye begi chini ya kitanda cha chumba cha kupanga. Mtu huyohuyo ana laini mbili za simu zenye hela, ana kikoba, ana mkopo wa benki unaokatwa kwenye mshahara, ana michango kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii, NSSF au PSSSF, na anaishi na mwenzake, ndoa bado ila mtoto wanaye. Hiyo ndiyo mali ya kijana, na inapotea kirahisi kuliko shamba la babu, kwa sababu shamba la babu kijiji kizima kinajua mpaka wake uko kwenye mti gani, lakini kiwanja chako cha Nala unakijua wewe na dalali.

Mwenzetu mmoja kazini alifariki kwa ajali ya pikipiki, hajafika hata miaka 35. Wiki chache baada ya msiba mama yake alikuja ofisini na simu ya marehemu kaifunga kwenye pindo la khanga. Kioo kimepasuka upande wa juu lakini inawaka, na pale tulipokaa naye ikawa inaingiza meseji tu, moja baada ya nyingine, na yeye anatuuliza kama kuna mtu anajua namba za kuifungulia. Hakuna aliyejua. Alikuwa anajua mwanae ana kiwanja kwa sababu aliwahi kuambiwa kwa simu, "Mama, nimekutafutia sehemu ya kupumzikia," basi, hajui ni kata gani. Tulitafuta kwenye droo zake tukakuta risiti mbili za malipo zimeandikwa jina la muuzaji la kwanza tu, karatasi ya mauziano haikuonekana. Mwenyekiti wa mtaa aliyedhaniwa ndiye alishuhudia alikuwa ameshatoka madarakani. Kiwanja hicho mpaka leo familia haijakipata.

Na yule dada aliyekuwa akiishi naye, wana mtoto wa kiume, ndugu walimwambia palepale matangani kwamba hawamtambui. Wakagawana tivii, friji, godoro. Mimi nilikuwepo nimekaa kwenye mkeka, na kilichoniuma siyo friji, ni kwamba hakuna mtu pale ambaye alikuwa na karatasi hata moja ya kusema marehemu mwenyewe alitaka nini. Kila mtu alikuwa anasema kwa niaba yake. Baba mkubwa anasema marehemu aliniambia, dada mtu anasema mimi ndiye alikuwa ananiamini, na wote inawezekana walikuwa wanasema kweli.

Baada ya pale nikaanza kuulizia mambo ya sheria, kwa mwanasheria tunayefahamiana na kwa kusoma. Nitayaeleza kama nilivyoyaelewa mimi, kwa sababu wengi wetu tunadhani kuna sheria moja ya mirathi Tanzania na kumbe ziko tatu. Kuna ya mila, kuna ya Kiislamu, na kuna ya kiserikali ambayo mizizi yake ni sheria ya India ya mwaka 1865, ndiyo hiyo, tumeirithi kwa Waingereza na bado inatumika. Ipi itumike kwako inategemea uliishi vipi na ulikusudia nini. Mahakama inaangalia maisha yako, ulikuwa mtu wa dini sana, ulikuwa mtu wa kufuata mila za ukoo, au ulishaachana nazo. Sasa fikiria kijana wa Kigogo amebatizwa, kasoma Chuo Kikuu cha Dodoma, anakaa Ilazo, Krismasi anaenda kijijini kuchinja na wajomba zake. Huyo ni wa sheria ipi? Akiwa hayupo watu watabishana, na kila mmoja atavutia kwenye ile sheria inayompa yeye. Ukiwa umeandika, angalau nia yako inasomeka.

Hizi za mila nazo zimeandikwa, watu wengi hawajui. Kuna tangazo la serikali la mwaka 1963, namba 436, limeweka kanuni za urithi na za wosia kwa jamii zinazofuata ukoo wa baba. Nilivyolisoma nilikaa kimya muda mrefu. Watoto wamepangwa kwa madaraja, mtoto wa kiume wa kwanza juu, watoto wa kike chini kabisa. Mjane hana fungu lake kwenye urithi, kazi ya kumtunza wameachiwa watoto wake. Na mtoto aliyezaliwa nje ya ndoa harithi upande wa baba kama baba hakuacha wosia. Nikamkumbuka yule mtoto wa mwenzetu, ana macho ya baba yake yaleyale.

Kuna wajane wawili wa Shinyanga, vijana kabisa, waume zao walifariki miaka ya 1999 na 2000, wakatolewa majumbani mwao na ndugu wa waume kwa kutumia kanuni hizohizo. Walikwenda Mahakama Kuu, mwaka 2006 ikakubali kwamba kanuni zinabagua lakini haikuzifuta. Wakakata rufaa, rufaa ikatupwa 2010 kwa sababu za kiufundi. Wakapeleka kilio mpaka Umoja wa Mataifa, kwenye kamati ya CEDAW, ile inayosimamia mkataba wa kupinga ubaguzi dhidi ya wanawake, na mwaka 2015 kamati ikasema Tanzania imevunja haki zao. Hesabu hapo, miaka kumi na mitano tangu msiba. Watoto wameshakua. Na ndiyo maana mtu akiniambia wosia ni mambo ya wazee na matajiri sikubaliani naye kabisa, kwa sababu mwanamke kijana ndiye anayeumia kwanza mwanaume kijana akifa bila kuandika.

Kwa haki niseme pia kwamba sheria haijamwacha mtu mtupu. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mwanaume na mwanamke wakiishi pamoja miaka miwili au zaidi na watu wakawachukulia ni mke na mume, kunakuwa na dhana kwamba ni wanandoa. Sheria ya Mtoto ya 2009 inakataza kumnyima mtoto kufaidika na mali ya mzazi wake kwa namna inayofaa. Lakini dhana inaweza kupingwa, na kuthibitisha maana yake uende mahakamani ukiwa bado unalia, utafute mashahidi, upange nauli, na huku watu wa ukoo wameshakufungia nyumba. Karatasi ingemwokoa yule dada na mengi sana.

Basi nikaandika. Nitasema ukweli, sehemu ngumu haikuwa kugawa, ngumu ilikuwa kuorodhesha, kwa sababu ukianza kuandika ndio unaona vitu vyako vingi viko mdomoni tu. Kiwanja changu kiko Nzuguni, nimelipa kwa awamu, na kwenye wosia sikuandika "kiwanja changu cha Nzuguni" nikaishia hapo. Niliandika kiko mtaa gani, ukubwa wake, nilinunua kwa nani, tarehe ya mkataba, nani walishuhudia kila upande, kimepakana na nani kaskazini, kusini, mashariki na magharibi, na mkataba halisi uko wapi. Kama una namba ya kitalu na ya kiwanja andika, kama una hati andika namba ya hati. Hapa Dodoma tuna historia yetu ya viwanja, ile mamlaka ya zamani ya kustawisha makao makuu, CDA, ilivunjwa 2017 na shughuli zikahamia halmashauri, kwa hiyo kuna wazee wana karatasi za enzi zile na vijana wana karatasi za mtaa na wengine wana hati mpya za miaka 99, ukisema tu "hati iko kabatini" mtoto wako hatajua anatafuta karatasi ya aina gani.

Halafu ng'ombe. Hapa ndipo nilipokaa sana. Nina majike wawili na mtamba mmoja, wako kwa baba yangu mdogo Kongwa, na ni kawaida kwetu, wewe una kazi mjini huwezi kufuga chumbani, unanunua ng'ombe unampelekea ndugu mwenye zizi, yeye anakamua maziwa, anachunga, wewe ng'ombe ni wako. Makubaliano yote ni ya mdomo. Hakuna karatasi, hakuna risiti, kuna heshima tu kati yangu na baba mdogo. Na namwamini kwa asilimia mia, lakini yeye naye ni binadamu, akitangulia yeye je? Wanawe watajuaje yule mwekundu mwenye baka jeupe kwenye paji ni wa nani? Na wakizaa, ndama ni wa mwenye jike au tunagawana na mchungaji? Sisi tulikuwa hatujawahi kuliongea hilo. Nikaenda Kongwa wikiendi moja, nikamsalimia, tukala ugali na mlenda, ndipo nikamwambia nimekuja kwa jambo gani. Nilitegemea akasirike. Alitazama zizini kidogo akasema, "Binti yangu, hata mimi nilikuwa naogopa kukuuliza." Tukaandika palepale kwenye daftari la mwanae wa darasa la sita, rangi ya kila ng'ombe, alama ya sikio, na kwamba kila jike akizaa mara mbili, ndama mmoja ni wa kwake. Tukasaini, na mke wake, mama mdogo, akasaini pia. Nakala ya karatasi hiyo nimeiambatanisha na wosia.

Mtoto ndiye aliyenifanya nisiahirishe tena. Nina binti wa miaka sita. Baba yake yupo na anamhudumia, hatuishi pamoja. Wosia unaweza kutaja unayependa awe mlezi, ila mahakama mwishoni inaangalia maslahi ya mtoto na mzazi aliyebaki ana haki zake, kwa hiyo sikuandika kana kwamba baba hayupo. Niliongea naye kwanza. Nikaandika kwamba mtoto awe na baba yake au na mdogo wangu wa kike, kwa makubaliano yao, na kiwanja kishikwe na mdogo wangu kama msimamizi mpaka binti afike miaka 18, kisiuzwe isipokuwa kwa ada ya shule au matibabu yake. Hiyo sentensi ya mwisho niliiandika na kuifuta na kuiandika tena. Nilikuwa naandika kuhusu siku ambayo sitakuwepo mtoto wangu akiumwa, na hakuna namna ya kuandika hilo moyo ukiwa mwepesi.

Madeni nayo yaandikwe, watu wanayaficha. Mali haigawanywi kabla gharama za mazishi na madeni havijalipwa, sasa kama ulikopa kwa rafiki laki tano bila maandishi na hukutaja popote, rafiki akija matangani ataonekana tapeli. Mimi nimeandika ninaowadai na wanaonidai, na mchezo tunaocheza kazini zamu yangu ni lini na kijumbe ni nani. Namba za siri za simu na benki sikuziweka na usiweke, wosia unasomwa na watu wengi. Taja tu laini zipo ngapi, zimesajiliwa kwa jina gani, akaunti ziko benki gani, msimamizi akishathibitishwa na mahakama ataenda nazo nyaraka na watampa ushirikiano. Na kule SACCOS au kwenye mfuko wa jamii angalia uliandika nani kama mrithi au mtegemezi siku ile unaajiriwa, kuna watu wameoa na wana watoto watatu ila fomu bado inasoma jina la kaka.

Upande wa mashahidi ndio unaoangusha wosia nyingi. Kwa kanuni za mila, kama unajua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye ndugu, na kama hujui kusoma wanakuwa wanne, wawili kwa wawili. Wosia wa mdomo nao ni wanne. Aliyeoa, mke aliyepo nyumbani naye ashuhudie. Wote wawepo wakati mmoja, waone unasaini, nao wasaini, tarehe iwekwe, wino usiofutika. Na mtu anayerithi asiwe shahidi, hili watu wanakosea kwa upendo tu, wanamwita mtoto mkubwa asaini kumbe ndiye mrithi mwenyewe. Kwa kuwa mke kwa mila anashuhudia, wewe hakikisha wale mashahidi wengine hawana chochote wanachopata. Mimi niliwachukua shangazi yangu mmoja, mtu mwenye msimamo ambaye ukoo mzima unamwogopa kidogo, na jirani yangu wa Nzuguni ambaye ni mwalimu.

Marafiki zangu wa Kondoa ambao ni Waislamu, kwenu utaratibu una mipaka yake inayojulikana, unachoweza kuusia hakizidi theluthi moja ya mali, na theluthi hiyo haiendi kwa mtu ambaye tayari ni mrithi mpaka warithi wengine waridhie, kinachobaki kinakwenda kwa mafungu ya Qurani. Kwa hiyo ukiwa na mtu unayemlea ambaye hayumo kwenye warithi, theluthi hiyo ndiyo nafasi yake. Kaa na shehe pamoja na mwanasheria, siyo mmoja tu.

Kuna jambo lingine kwenye zile kanuni za mila, kumnyima mtoto urithi siyo kuandika tu "fulani asipate." Lazima utaje sababu, na sababu zenyewe ni nzito, mfano amejaribu kukuua, au amekutelekeza kwenye njaa au ugonjwa bila sababu ya haki. Wazee wa huku Ugogo wakisikia hiyo ya njaa wanaitikia kwa kichwa, wanakumbuka miaka ambayo mvua ilikata na mtu alijulikana nani ndugu na nani jina tu. Na anayenyimwa apewe nafasi ya kujitetea. Ninalisema hili kwa sababu kuna vijana wanataka kutumia wosia kumkomoa mtu. Wosia wa hasira mahakamani hausimami.

Kuutunza, una njia nyingi, RITA, wale wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanasaidia kuandika na wanatunza pia, unaweza kumwachia wakili, benki, au kanisani na msikitini kwa mtu mnayemwamini. Mimi nakala halisi nimeiweka RITA na mashahidi wangu wote wanajua iko huko, ingawa hawajui kila kilichoandikwa. Msimamizi niliyemtaja naye anajua, nilimwomba kwanza akakubali, kwa sababu kumtaja hakumalizi, bado atatakiwa kwenda mahakamani kuthibitishwa, na akishateuliwa mahakama ya mwanzo atatakiwa kuwasilisha orodha ya mali na madeni ndani ya miezi minne. Ni kazi. Usimpe mtu kazi hiyo kwa kumshtukiza. Kama hela ya wakili huna, tafuta wasaidizi wa kisheria, wapo mpaka wilayani, wanatambuliwa na sheria ya 2017, na ile kampeni ya msaada wa kisheria ya Mama Samia iliyoanza 2023 ikipita kwenu nenda na maswali yako, usiende tu kupiga picha.

Mama nilimsomea. Siyo wote, kipande kinachomhusu, kwamba chumba kimoja cha nyumba nitakayojenga ni chake maisha yake yote na mtu asimtoe. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniuliza ng'ombe nimewaandika vipi, nikamweleza. Wiki iliyofuata alinipigia simu akasema anataka na yeye tuandike la shamba lake la zabibu Hombolo, kabla kaka zangu hawajaanza kuulizana.

Na wosia siyo wa kuandika mara moja ukasahau. Nina mchumba, Mungu akipenda tutafunga ndoa, na kwa ile sheria ya kiserikali ndoa inafuta wosia ulioandikwa kabla yake, kwa hiyo nitaandika upya. Nilimwambia na yeye aandike wa kwake, hakubisha. Yuko kwenye hatua ya orodha. Kiwanja cha Msalato karatasi zake zote amezipata, cha Chamwino bado anamtafuta jirani wa upande wa mashariki aje waoneshane mpaka.